Picha ya Narae Kwenye Kioo

Mama Narae hakuwahi kutupa mfuko wa plastiki. Akishatoa vitunguu vyake, aliulaza mfuko mezani, akaunyoosha kwa kiganja, akaukunja na kuukunja mpaka ukawa pembetatu ndogo. Droo nzima ya jikoni kwake ilijaa pembetatu hizo. Alikunja siku za furaha, alikunja siku za msiba. Mara nyingine tukiongea nilisahau anachosema, nikabaki natazama vidole vyake.

Jina lake ni Pyo Myeongja, lakini katika jengo letu pale Gunsan, Korea Kusini, hakuna aliyemwita hivyo. Yeye alikuwa Mama Narae, mimi Mama Juwon, mlango kwa mlango. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa meli huko Geoje, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Malezi ya Narae, binti wa miaka kumi na minne, yalikuwa juu ya mama peke yake, na mama aliishi akiogopa siku atakayoambiwa kwamba hakulea.

Chini ya jengo letu kuna duka la aiskrimu lisilo na muuzaji. Unaingia, unachukua, unalipa mwenyewe kwenye mashine huku kamera inakutazama. Mwezi wa kumi mwaka ule mwenye duka, Bwana Tak, alibandika picha kwenye kioo cha mlango: msichana mwenye sare, uso umefunikwa, mkono unaingiza kitu mfukoni. Chini yake aliandika kwamba mhusika ajitokeze kabla ya Jumapili, la sivyo picha itakwenda polisi, na uso wake wazi.

Sare ile huvaliwa na wasichana wote wa shule ya jirani. Mama Narae aliangalia miguu. Msichana wa pichani alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya mwenzake, na visigino vya viatu vimekanyagwa, kama anavyosimama Narae.

Tangu hapo hakutulia. Alishuka kutupa taka wakati ndoo haijajaa. Alishuka tena kupeleka chupa moja kwenye pipa la chupa. Kila mara alipita mbele ya kile kioo kama mtu mwenye haraka, akafika kwenye kona, akageuka. Mwishowe akaja kwangu, hata kuketi hakuketi.

"Ni yeye, Mama Juwon."

"Umemuuliza?"

"Nimuulizeje? Amekula, ameosha bakuli lake, ananitazama kama kawaida. Wifi yangu anasema nilipe kimyakimya picha itoke, mtoto asijue kama nimejua. Anasema kaka yake, mume wangu, akisikia atatushukia."

Kesho yake alinunua sanduku la mapeasi, akalifunga kwa kitambaa kizuri, akaniomba nimsindikize. Kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Tulimkuta Bwana Tak akijaza friza. Mama Narae aliweka sanduku sakafuni, akainama mpaka nikaona lebo ya koti lake ikichungulia shingoni.

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeshindwa kumlea."

Bwana Tak alivua glavu. "Mama, wewe ndiye uliyechukua aiskrimu?"

"Hapana, lakini..."

"Basi inuka, utaumia kiuno. Mapeasi yako mazuri, ila mimi sikuibiwa mapeasi. Aje aliyekula."

"Bado mtoto, Bwana."

"Mtoto, ndiyo. Wangu nilimwombea radhi mpaka akaota ndevu. Sasa ana mke, na bado nazunguka namwombea radhi."

Tulipanda lifti na sanduku letu. "Asipokubali kwenda?" aliniuliza. Angeweza kumburuta, lakini aliyeburutwa hajaja.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Jioni ile alimwambia Narae, televisheni ikiendelea: "Nimeiona picha. Najua ni wewe. Nitakwenda nawe, nitasimama karibu yako, lakini sitakusemea."

"Si mimi," Narae akasema, akaingia chumbani akafunga.

Mama akakaa sakafuni nje ya mlango ule. Akainuka, akakaa tena. Alikuwa na ufunguo wa akiba mfukoni. Akaenda kuurudisha jikoni, akaufuata, akaurudisha.

Jumamosi mchana binti alitoka amevaa koti. "Kama ni kwenda, twende. Na lile sanduku la mapeasi pale balkoni usilibebe, unanitia aibu."

"Silibebi. Alishalikataa."

Narae akasimama. "Kumbe ulikwenda? Ulikwenda kwake kabla ya kuja kwangu?"

"Ndiyo," mama akasema. "Nilikosea hapo."

Dukani Narae alisimama mguu juu ya mguu, kimya. Mama Narae aliniambia radhi nzima ilikuwa imejipanga kwenye ulimi wake, maneno yote, hata pale pa kuinama. Akashika pindo la koti lake kwa mikono miwili.

"Ilikuwa mara tatu," Narae akasema hatimaye. "Kamera imeona moja. Nisamehe."

Bwana Tak alimtazama kidogo. Akampa ndoo ya maji ya moto na kisu cha kukwangulia rangi. "Picha ibandue mwenyewe. Halafu Jumamosi nne uje unipangie friza."

Nilikuwa natoka sokoni nilipowaona. Binti anakwangua, watu wanapita, upepo unavuma, mama amesimama pembeni. Kona moja ya karatasi ilikataa kutoka. Mkono wa mama ukanyanyuka, ukafika nusu ya njia, ukarudi mfukoni.

Kabla ya theluji walihamia Geoje kwa baba. Siku ya kuhama nilishuka kumuaga. Narae alikuwa tayari amekaa kiti cha mbele cha gari, kando ya usukani wa mama yake, mkanda umefungwa. Nikamuuliza mama yake kama sasa moyo umetulia.

"Bado sijamuuliza kwa nini alichukua," aliniambia. "Nitamuuliza leo njiani, macho yake yakiwa barabarani na yangu yakiwa barabarani."