Usiku wa Saa Sita Mchana

Kila nikifungua sanduku la vitenge vya mama, harufu ya naftalini hunirudisha kwenye Noeli ile. Baba alikuwa ametununulia taa za rangi, lakini umeme haukuwapo wiki nzima, na jioni hiyo alikuwa na zamu kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Umeme ulirudi saa sita mchana, jua likiwaka, taa zisionekane kabisa.

“Mufunge madirisha mbio, umeme itaenda tena,” mama alisema.

Tuliyaziba kwa vitenge vyake vya sikukuu. Gizani, chokaa ya zamu ya jana iliyoganda kwenye nywele na nyusi za baba ikawa nyekundu, kisha kijani. Tukaanza kunong’ona.

“Sasa iko usiku,” baba alisema.

Umeme ulipokatika, hakuna aliyefungua dirisha.