Jedida Auliza Faili Limebeba Nini

Jedida Lewa alikuwa na umri wa miaka sita alipoifungua redio ya babake kwa kisu cha jikoni, apate kuwaona watu waliokuwa wakisoma habari. Hakuwaona. Aliona nyaya, vumbi na mende mmoja aliyekauka. Alichapwa, na alipokwisha kuchapwa akauliza, "Sasa kama hawamo, sauti inatoka wapi?" Babake akaenda zake na fimbo yake.

Leo ana miaka hamsini na mitatu na anakaa nje kidogo ya Gede, upande wa msituni. Kazi yake ni kufuga vipepeo. Huwalea viwavi ndani ya vizimba vya chandarua, akiwakatia majani ya mdimu na ya miti mingine, mpaka wageuke pupa. Pupa hizo huzipanga juu ya pamba katika visanduku, mnunuzi akaja kuzichukua azipeleke ng'ambo, ambako huanguliwa watu wakalipa kutazama. Ni kazi ya macho. Kiwavi mchanga wa mdimu anafanana na kinyesi cha ndege, na asiyemjua humkung'uta kwa kidole. Tena kiwavi ana chakula chake. Mpe jani lisilo lake, atakufa njaa huku amelikalia.

Kwa hiyo Kahonzi, binti wa jirani aliyesomea mambo ya kompyuta Kilifi, alipotengeneza programu ya simu ya kuwatambua viwavi, wafugaji walifurahi. Aliiita Mabawa. Unachagua rangi na umbo, nayo inakwambia kiwavi huyu ni nani, anakula nini, na zimebaki siku ngapi kabla hajawa pupa. Hakuwa ameiweka kwenye duka la programu, kwani alitaka wenzake waijaribu kwanza. Aliituma kama faili katika kundi la WhatsApp la wafugaji.

Jedida alibonyeza faili lile, na simu yake ikaja juu. Akasoma maneno yake kwa sauti, mara mbili: kwa usalama wako, simu hii hairuhusiwi kusakinisha programu zisizojulikana kutoka chanzo hiki. Kundini watu walikwisha kuandikiana kwamba dawa yake ni rahisi, unaingia kwenye mipangilio, unaruhusu, basi. Jedida hakuruhusu. Alifunga vizimba vyake, akakatiza shamba la mihogo, akaenda kwa kina Kahonzi.

"Hodi!"

"Karibu, mayo. Shikamoo," Kahonzi aliitikia, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Simu yangu imelikataa faili lako. Sijaja unifungulie. Nimekuja uniambie imelikatalia nini."

Kahonzi alicheka, akamsogezea kiti. "Faili lenyewe haijalijua, mayo. Imekataa njia liliyopitia. Programu za dukani hukaguliwa kabla ya kukufikia. Hili limekuja kwa ujumbe, na ujumbe hutumwa na yeyote. Simu inakuuliza: huyu unamjua?"

"Wewe nakujua. Nilikuwapo ulipozaliwa."

"Basi toa ruhusa kwa njia hiyo moja tu, usakinishe, kisha urudi uifunge ruhusa. Usiiache wazi, maana kesho atapita mwingine papo hapo."

"Na ndani mna nini?"

"Ndani ya faili?"

"Ndiyo. Kabla sijaliingiza kwangu."

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Kahonzi swali hilo. Alifungua kompyuta yake, akanakili faili, akaifuta ile apk ya mwisho wa jina na kuandika zip mahali pake. Faili likafunguka kama furushi lolote. Mlikuwa na mafolda, na katika folda moja picha zilijipanga safu kwa safu. Jedida alisogeza uso. Kiwavi wa tatu alikuwa wake mwenyewe, aliyepigwa picha mwezi wa nne ndani ya kizimba chake, na nyuma yake alikiona kipande cha leso aliyozibia tundu la chandarua.

"Kumbe yumo humu!" alisema, akamgusa kwa ncha ya kidole. Kisha akaonyesha faili nyingine, zilizojaa alama zisizosomeka. "Na haya?"

"Hayo ni maagizo ya simu. Mimi huyasoma yakiwa mabichi. Haya yamekwisha kupikwa."

"Basi yanayosema wayajua wewe peke yako."

"Ndiyo, mayo. Hapo itabidi uniamini."

Jedida aliona jibu hilo ni la mtu mkweli, akasakinisha Mabawa akiwa palepale, akaifunga ruhusa kama alivyoelekezwa. Lakini hamu yake haikuisha. Wiki nzima ilipita akitaka kujua faili lile lile litafanya nini likiingia kwenye chombo kingine. Tableti yake ya zamani ililipokea, ila maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango. Simu ya bintiye Pamela, afanyaye kazi hotelini Kikambala, haikulitambua hata kidogo, kwa kuwa ni ya kampuni nyingine yenye mfumo wake. "Huko halifunguki kamwe," Kahonzi alimwambia, "na mtu akikwambia linafunguka, mwogope mtu huyo." Jedida aliyaandika yote katika daftari: simu gani, mfumo wa mwaka gani, faili lina uzito gani. Uzito ulikuwa MB thelathini na nane.

Aliyeumia ni Mzee Tsuma, mwenyekiti wa kikundi, mtu wa miaka sabini na mmoja. Simu yake ilikuwa nzee, kioo kimeshikwa kwa mpira, na kila alipobonyeza iliandika kwamba kuna tatizo la kuchanganua kifurushi. Alibonyeza mara tisa. Kahonzi alimweleza kwamba mfumo wa simu ile ni wa zamani mno na kubonyeza hakuusaidii. Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini Jedida alimwona alivyonywea. Ndiye aliyewafundisha wote kufuga vipepeo, na sasa kila mtu alikuwa na Mabawa isipokuwa yeye.

Zilipopita wiki tatu, asubuhi moja Jedida alikuwa akikata majani ya mdimu, kundini kukaingia faili jipya. MABAWA MPYA, lilisema tangazo lake. Picha nyingi zaidi. Inafanya kazi kwenye simu zote, hata za zamani. Wapelekee wenzako. Namba iliyolituma haikuwa na jina katika simu yake.

Alitazama uzito. MB nne.

Akautazama tena. Picha zimeongezeka, na uzito umepungua? Mzigo gani huo unaongezwa vitu ukawa mwepesi? Alimpigia Kahonzi, simu yake haikupatikana. Alikuwa bado amesimama na majani mkononi, akiwazia ile nne, mara simu ikalia. Alikuwa Mzee Tsuma, na sauti yake ilijaa furaha.

"Jedida! Imekubali! Simu yangu imekubali!"

"Hebu niambie unaona nini, mzee."

"Naona kipepeo mkubwa, wa buluu, mzuri kweli. Sijamwona huku kwetu."

"Na kiwavi wa mdimu?"

"Viwavi bado. Inasema niruhusu kwanza, ndipo itafunguka. Inataka kusoma jumbe za simu. Nibonyeze?"

"Usibonyeze! Programu ya viwavi jumbe zako inazitakia nini?"

Mzee akasema polepole, "Simu hii ndiyo ya kikundi." Jedida alilijua hilo. Jumbe za mnunuzi na namba za siri za akaunti ya kikundi, zote huingia humo.

"Nisikilize, mzee. Vuta lile pazia la juu, utaona kijipicha cha ndege ya abiria. Kibonyeze. Tutakatika, usiogope. Nakuja."

Alipanda bodaboda. Alimkuta Mzee Tsuma ameketi barazani, simu iko juu ya meza, ameifunika kwa kofia yake kana kwamba inamtazama. Jedida hakumlaumu. Walishika njia pamoja mpaka Malindi, kwa fundi simu aitwaye Uweis, mwenye kiduka chake katika kichochoro nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama," Uweis alisema, na aliposikia kisa aliacha simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Ifute, mwanangu," Mzee Tsuma alimwambia.

"Ifute, lakini nione unavyofanya," alisema Jedida.

Uweis akamsogezea kioo. Kwanza alitafuta katika mipangilio kama programu ile ilikwisha kupewa mamlaka juu ya simu, haikuwa imepewa. Akaiondoa, akaizima simu na kuiwasha, akatazama tena orodha yote. Kisha akaifunga ile ruhusa ambayo mzee aliiacha wazi, na kwa kutumia simu nyingine akamsaidia kubadilisha namba za siri.

"Sasa tulipasue lenyewe," alisema. Alilichukua faili kutoka simu ya Jedida, ambamo lilikuwa limelala bila kusakinishwa, akaliweka katika kompyuta na kulikagua kwa chombo chake cha kazi. Picha ilikuwa moja tu, ya yule kipepeo wa buluu. Lakini maombi yalikuwa mengi: kusoma jumbe, kutuma jumbe, kusoma majina ya watu, kujitandaza juu ya programu nyingine.

"Na hii hapa ni sahihi," Uweis alieleza. "Kila mtengenezaji hutia yake ndani ya faili. Jina lako naweza kuliiba leo hii, sahihi yako si rahisi. Tazama, hii ya Mabawa ya kweli iliyo simuni mwako, na hii ya hili jipya. Zinafanana?"

Jedida alizifuata zote mbili kwa kidole, herufi kwa herufi. Kwenye herufi ya tatu tu zikaachana.

"Kama ningeliweka kwangu?"

"Lingegoma. Limejipa jina lile lile, na wewe unayo Mabawa ya kweli. Simu yako ingeona sahihi zimetofautiana. Simu ya mzee haikuwa na cha kulinganisha."

Mzee Tsuma aliguna. "Kwa hiyo mimi nimepatikana kwa sababu sikuwa nayo."

"Hukupatikana, mzee. Uliuliza," Jedida alisema.

"Niliuliza nimekwisha kubonyeza mara mbili," mzee alijibu. Hakutaka sifa isiyo yake.

Walikuwa wakiinuka kwenda zao, Jedida akageuka. "Uweis, nisomee na maombi ya ile ya kweli."

Uweis alisoma. Kamera, na hifadhi ya picha. Kisha, mahali ulipo.

"Mahali nilipo pa kazi gani? Mdimu wangu hautembei."

"Hilo, mama, muulize mwenyewe."

Siku hiyo hiyo kundini waliambiana wasiliguse faili lile, lakini Mueni, mfugaji mwenzao, alikuwa ameiondoa Mabawa ya kweli simu yake ilipogoma, akaliweka hili na kuruhusu kila kitu. Simu yake ililituma faili kwa watu sitini kwa jina lake, na ilimchukua siku mbili kuwapigia mmoja mmoja. Namba iliyolileta iliondolewa kundini. Mwenyewe hawakumjua, na huenda naye alikuwa kama Mueni.

Kahonzi alifika kwa Jedida kesho yake asubuhi, macho mekundu, akaomba radhi kwa jambo ambalo si yeye aliyelitenda. Jedida alimpa chai. Alipoona ametulia, akamwambia, "Sasa nina langu. Mabawa yako yanataka kujua nilipo. Kwa nini?"

Kahonzi aliweka kikombe chini. Alifungua kompyuta, akatafuta, akajishika kichwa. Alikuwa amenakili kipande kutoka kazi yake ya chuoni, na ombi lile likaja nacho. "Nilisahau, mayo. Wallahi sikuwa nikilitumia."

"Nakuamini. Lakini lilikuwa likiomba, na sote ishirini na wanane tulio nayo tuliruhusu."

Kahonzi alilifuta ombi lile mbele ya macho yake. Kisha alikaa siku nne akapunguza ukubwa wa picha, akatoa toleo ambalo hata simu nzee zililipokea, na katika mkutano wa kikundi akaeleza mahali pamoja tu ambapo faili litapatikana tangu siku hiyo. Jedida ndiye aliyesimama kusoma sahihi ya faili kwa sauti, herufi na tarakimu zote, watu wakafuatisha kwenye daftari zao. Wengine walicheka. Mzee Tsuma hakucheka. Aliilinganisha yake mara mbili, ndipo akasakinisha, akaifunga ruhusa, na kiwavi wa mdimu alipotokea kwenye kioo kile kilichoshikwa kwa mpira alimtazama kwa muda mrefu.

Siku hizi watu humletea Jedida simu zao, na wengi huondoka wamekereka, kwa kuwa haoni aibu kuwauliza nani amekutumia, lina uzito gani, linaomba nini. Wakishajibu, husakinisha wenyewe.

Juma lililopita alikuta kiwavi asiyemjua kwenye mti kando ya kisima, wa kijani, mgongo umejaa nywele nyeupe, na pembe mbili nyekundu. Alimtafuta katika Mabawa kwa rangi, akamtafuta kwa umbo. Hayumo. Akampiga picha, akamtumia Kahonzi: Huyu nani? Jibu likaja: Sijui, mayo. Jedida alikata jani la mti aliomkutia, akakata na la mdimu, na la tatu la mkwakwa, akayapanga sahanini, akamweka kiwavi katikati. Kisha akavuta kigoda chake karibu, aone ataelekea lipi.