Posho ya Watani

Nianze na habari mbaya ili msinisome kwa tamaa: ufadhili haukuongezwa. Mkurugenzi wetu alipoteza kiti, mimi nikapoteza kazi, na ofisi yetu pale Mbeya, iliyokuwa na kiyoyozi katika mji ambao watu huvaa masweta, sasa ni duka la vipuri vya pikipiki. Sisikitiki kama inavyotakiwa.

Shirika lilikuwa la kutetea familia na mila. Kazi yetu ilikuwa kuandika maandiko marefu ya kuwasihi wabunge wasipitishe sheria ambazo, kwa maneno ya mkurugenzi, zililetwa na Wazungu. Fedha za kuandikia maandiko hayo zililetwa na Wazungu. Siku moja nilimuuliza kuhusu hilo, akanijibu kwamba kuna Mzungu na Mzungu. Wetu walikuwa wa taasisi moja ya wacha Mungu huko ng'ambo, na walizipenda mila zetu kuliko tulivyozipenda sisi, maana sisi tulikuwa tunazijua.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nilikuwa afisa mawasiliano, yaani nilipiga picha, niliandika taarifa na kuwatafsiria wageni walipokuja. Mkurugenzi, Mhehe wa kijijini huko Iringa, ndiye aliyelianzisha shirika. Kwenye bodi walikuwepo shemeji yake, mchungaji wake na jirani yake, kwa hiyo vikao vilikuwa vifupi na chakula kingi. Tulizunguka Rujewa, Igawa na Madibira tukifundisha wajibu wa baba nyumbani. Wakulima wa mpunga walitusikiliza kwa adabu huku wakisubiri posho. Mzee mmoja aliuliza, kama baba yuko semina kila wiki, huo wajibu anautimiza nani. Tulimshukuru kwa swali zuri, tukaenda kula.

Mtu pekee ambaye hakumwogopa mkurugenzi alikuwa dereva wake. Yeye alikuwa Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipopigana mpaka wakachokana. Mtani hakasirikiwi, hata aseme nini. Wahehe husingiziwa kula mbwa, basi kila asubuhi dereva alimfungulia mlango wa gari akisema, "Panda, mla mbwa." Na mkurugenzi, ambaye mhasibu alimwita mheshimiwa hata kwenye simu, alijibu, "Endesha, mtumwa wa babu yangu." Hiyo ndiyo saa pekee niliyomwona akicheka bila kamera.

Halafu wafadhili wakaja, mama mmoja wa makamo na mumewe, kuamua mambo mawili: kama fedha ziendelee, na kama mkurugenzi aendelee. Walitaka shirika la familia liongozwe na mtu wa familia, jambo ambalo huwezi kulipinga. Hata mabegi hawajafungua hotelini, simu ikaja kutoka Iringa kwamba mama mzazi wa mkurugenzi amefariki. Mama mfadhili alimkumbatia, akasema watakwenda kuzika pamoja naye, wajionee Waafrika wanavyowaheshimu wazazi. Niliona uso wa mkurugenzi ukibadilika, na haikuwa huzuni tu.

Kwenye msiba wa Mhehe watani huja, na hawaji kulia. Huvaa nguo za marehemu na kuigiza alivyotembea. Hulala mbele ya jeneza mpaka walipwe ndipo lipite, na humtukana mfiwa mpaka watu wacheke na msiba upungue uzito. Bila wao mtu hajazikwa, kafukiwa tu. Mkurugenzi alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa amekaa kwenye semina miaka mingi mno, na akili yake ilishazoea dawa moja kwa kila ugonjwa.

Alimwita dereva ofisini mbele yangu, akamsogezea bahasha.

"Hii ni yako na Wangoni wenzako wa kule kijijini," alisema. "Wageni hawataelewa. Wakiona mtu kavaa gauni la mama anagaagaa kaburini, tumekwisha. Nyie kaeni tu kwenye viti."

Dereva aliishika bahasha kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. "We Mhehe, unanilipa nisikutanie?"

"Ni posho ya ushiriki."

"Haijawahi kutokea hii."

"Basi itokee," alisema mkurugenzi, na dereva akatoka bila kumtukana. Ndivyo shirika la kulinda mila lilivyoinunua mila moja ili ikae kimya. Nilitaka kucheka, nikakumbuka mshahara wangu.

Msibani watani walikuwa wamepangwa kwenye viti vya plastiki, mikono magotini, kama wanasubiri mwezeshaji. Dereva alivaa tai. Kwaya iliimba, mchungaji aliomba kwa kirefu, na mama mfadhili akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona utulivu wa namna hii. Hata mimi sikuwahi. Jeneza likashushwa. Shangazi yake mkurugenzi, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti ya kengele, akachota udongo, akasimama nao mkononi wala hakuutupa.

"Watani wako wapi?" aliuliza.

Wangoni wakatazama viatu vyao.

"Nauliza. Wifi yangu alikuwa mchawi, au mwizi? Mbona hana wa kumtania? Mimi simfuniki hivi."

Vijana wakaziacha sepetu. Watu wote wakamgeukia mkurugenzi, naye akawatazama wafadhili waliokaa mstari wa mbele wakijipepea na ratiba niliyoiandaa mimi. Kiti chake kilikuwa pale, na mishahara yetu sote. Mama yake alikuwa chini, hajafunikwa. Kisha akamtazama dereva.

"Kwa nini hunitukani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Dereva alisimama. "Ulinilipa ninyamaze, bosi."

Sikuwahi kumsikia akimwita bosi, na iliniuma kuliko tusi. Watu wakaguna. Mama mfadhili akaniuliza kumetokea nini, nikamtafsiria kama lilivyosemwa, maana ndiyo kazi niliyolipwa. Akauliza fedha hizo zilitoka fungu gani. Nikamwomba tungoje kwanza marehemu afukiwe.

"Rudisheni hizo hela," mkurugenzi alisema.

"Tumeshakula," alijibu dereva, na Wangoni nyuma yake wakatikisa vichwa kukubali, watu wakweli kabisa.

Mkurugenzi akatoa pochi, akatoa kila noti iliyokuwemo, akaziweka kwenye udongo mwekundu miguuni pa dereva, wafadhili wakitazama. "Basi nakulipa useme."

Dereva hakuziokota. Alivua tai, akaomba khanga ya marehemu, akaifunga kiunoni, akainama na kutembea mkono mmoja nyongani, akivuta mguu wa kushoto. Sikuwahi kukutana na yule bibi, lakini niliwaona wanawake wakishika vinywa, kisha wakaangua kicheko na machozi hayajawakauka.

"Mla mbwa wewe," alisema dereva, "unalia nini? Hata namba ya simu ya mama yako unaijua?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka, kwa sauti, mara ya kwanza tangu simu ile ya msiba.

"Mimi ninayo. Kila Jumapili alikuwa ananipigia mimi, Mngoni, mtumwa wa mumewe. 'Mtani, mwanangu mzima? Anakula?' Namwambia, mzima, mama, yuko semina, anafundisha watu mambo ya familia. Anasema, 'Basi usimsumbue.'"

Kicheko kikakatika. Mkurugenzi alikaa chini kwenye lundo la udongo, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti kubwa bila kujali nani anamwona. Mimi niliyekuwa nimemdharau miaka yote ile nililia naye. Mama mfadhili alinigusa bega, akauliza yule mwanamume amesema nini. Nilimweleza yote, pamoja na lile la Jumapili, naye akainamisha kichwa.

Shangazi akautupa udongo wake ndani.

"Haya," alisema. "Sasa mzikeni."