Memsabu alisema posh, mimi nikasikia posho

Jamani, leo nimefukuzwa kazi kwa neno moja tu!

Asubuhi memsabu wangu, bibi Mzungu ninayempikia hapa Tororo, aliniambia, "Mpishi, leo Bwana DC nakuja kula. Pika chakula posh."

Mimi nikasikia posho, huu unga wetu wa mahindi.

Nikasonga ugali sufuria nzima, nikapakua na maharage.

Bwana DC akautazama. Hakugusa.

Memsabu akawa mwekundu kama nyanya. "Posh ni kitu ya kifahari, wewe!"

Nikapiga magoti. "Nisamehe, memsabu. Mke wangu karibu anajifungua."

Akanionyesha mlango kwa kidole.

Ndugu zangu wa Busia, nani anatafuta mpishi? Hata vyombo nitaosha.

Mke wangu yuko kijijini Kwapa, bado hajui. Nimwambie nini?