Siku ya Moshi ya Shakira

Huko Namatala, mjini Mbale, ukimtaja Zulaika hakuna anayeuliza Zulaika yupi. Ni yule Mnubi wa singo, dawa ya kusugua mwili wa bibi arusi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mdomo mkali na mikono laini, aliyewatengeneza mabibi arusi kuanzia Mbale hadi Jinja tangu sisi tukivaa sare za shule. Krimu za dukani hataki hata kuzisikia. Na majivuno? Alikuwa nayo, tena ya kugawa.

Mwaka jana zamu ilimfikia Shakira, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea mwenyewe. Jafar wa Jinja alikwisha kuleta posa. Tatizo lilikuwa ngozi: kavu, imepauka kama ganda la muhogo, na juu ya ukavu huo chunusi zikichipuka kidevuni na mgongoni.

"Shida yako ni sabuni," Zulaika alimwambia. "Unaisugua ngozi mpaka inalia, halafu unashangaa ikitoa chunusi. Nipe siku arobaini."

Sabuni ikapigwa marufuku. Uso ukawa unaoshwa kwa maji vuguvugu, asali ikipakwa juu ya chunusi na kusuuzwa, kisha matone matatu ya mafuta ya simsim, yaani ufuta, ngozi ikiwa bado na majimaji. Mafuta mazito ya shea aliyaacha kwa miguu na viwiko, maana usoni yangeziba vinyweleo. Singo ya unga wa mtama na karafuu ilikuwa ya mwili tu, kwa mkono mwepesi. Wiki ya pili ukavu ulianza kupungua. Chunusi zilikuwepo bado, ila zilikuwa zinasinyaa, na Zulaika hakuwa na haraka.

Mwenye haraka alikuwa Shakira. Akaenda Jinja kupimwa gauni, akakaa siku tatu, akarudi. Haikupita wiki, uso ukawa umetakata, unang'aa, na mgongo vilevile. Majirani wakaja kuchungulia. "Zulaika, mikono yako si ya kawaida!" Wawili kati yao wakawawekea binti zao zamu papo hapo. Zulaika akacheka, akazipokea sifa zote.

Ila jicho lake lilikuwa limeona. Vifundo vya vidole vya msichana vilibaki vyeusi huku mikono ikizidi kuwa myeupe. Mishipa ilianza kuonekana mashavuni. Akianika nguo, alilikimbia jua. Asubuhi moja Zulaika alimmwagia maji mgongoni, Shakira akaruka.

"Shangazi, yanaunguza!"

Zulaika akatia kiwiko ndani ya ndoo. Maji yalikuwa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hapo akajua. Tusimtafutie visingizio: alijua kwamba msichana anajipaka krimu ya kuchubua, na kwamba ngozi ile imebaki nyembamba. Aliogopa. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba sifa zile hazikuwa zake. Akafunga mdomo, akajiambia arusi imekaribia, yatapita.

Siku ya thelathini na tisa ni siku ya moshi. Nyumbani kwa Zulaika desturi ni hii: bibi arusi huketi bila nguo penye shimo la makaa ya mgunga, akafunikwa blanketi zito, kichwa tu kikibaki nje. Haombi kutoka. Fundi wake ndiye anayesema basi, na akina mama wa upande wa mume huwa wamekaa hapo hapo wakiupima uvumilivu wake. Kutoka Jinja alikuja Twaibah, shangazi wa Jafar, na wenzake mkeka mzima.

Moshi ulipopanda, Shakira aliuma mdomo. Macho yake yakamtafuta Zulaika, yakamganda. Zulaika akatazama makaa.

"Huyu mutoto iko na uvumilivu," Twaibah akasema. "Na hii ngozi! Dada, munamupaka nini?"

"Vitu vya asili tu."

Moyo ulimwambia: mtoe, mtoe sasa. Lakini muda haukuwa umefika hata nusu, na kumtoa mapema ni kumwaibisha mtoto, au ndivyo alivyojidanganya. Akasubiri. Machozi yakaanza kumtiririka Shakira bila sauti, na akina mama wakapiga vigelegele, wakidhani ni moshi.

Aliposema basi, msichana hakuinuka. Zulaika akalivuta blanketi, na ngozi ya bega ikalifuata. Vigelegele vikakatika.

Walimlaza kifudifudi mkekani, mtu mmoja akakimbia kutafuta gari la kwenda hospitali. Zulaika alipiga magoti pembeni yake. Alitaka kumshika, lakini hapakuwa na pa kushika.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia unajipaka?" akalia.

Shakira akageuza uso uliovimba. "Nilijua unajua, shangazi," akanong'ona. "Nikawa nangoja wewe useme nitoke."