Penalti Aliyosukumiwa Mwinyihaji

Mwinyihaji wa mtaa wa Shika Adabu ni fundi wa cherehani, na kwa mashine za zamani Likoni nzima huna wa kumlinganisha naye. Lakini ukiuliza kwa jina lake, watu watakutazama tu. Uliza kwa Mnazi, na utapelekwa hadi mlangoni pa kibanda chake.

Jina hilo alilipata mwaka wa 1993, alipokuwa beki wa kulia wa Nyangumi, timu iliyotamba ligi kuu enzi hizo. Fainali ya kombe, dakika ya mwisho, mabao sare, Nyangumi wakapewa penalti. Mwinyihaji akaipiga. Mpira ukapaa juu ya goli, ukavuka ukuta wa uwanja, ukanasa kwenye mnazi wa watu. Muda wa ziada wakafungwa, kombe likaenda.

Tangu siku hiyo akawa Mnazi. Hadeel, binti yake, alirudi kutoka chuo cha Kurani siku moja akilia, akiwa wa miaka saba, kwa kuitwa Binti Mnazi. Na alipokuja kuposwa, ami yake bwana harusi aliona pale mbele ya wageni ndipo pa kufanyia mzaha huohuo. Mwinyihaji alicheka nao wote. Angefanyaje?

Kuna jambo hakuwahi kulisema. Penalti ile haikuwa yake. Mpigaji wa penalti alikuwa nahodha, Griffin, mshambuliaji hodari aliyetoka bara. Siku hiyo Griffin alimjia akichechemea, akamsukumia mpira kifuani. "Paja limekaza, ndugu yangu. Nipigie." Mwinyihaji hakuwa amepiga penalti maishani mwake, lakini nahodha wake alikuwa na maumivu, na wengine wote walikuwa wamegeuza nyuso. Akapiga. Baadaye aliona si uungwana kumtaja mtu aliyeumia.

Mwaka huu mashabiki wa Likoni wakaandaa jioni ya kuwaenzi wachezaji wa Nyangumi. Walialikwa watatu: Griffin, aliyekwenda kuchezea Nairobi kisha ng'ambo, na sasa anaishi Nyali; Musyoka, golikipa, aliyestaafu juzi kazi ya winchi bandarini; na Mwinyihaji. Hadeel alitoka kwa mumewe Kiembeni kuja kumpigia baba yake kanzu pasi, akaketi safu ya pili na mwanawe mapajani.

Mtangazaji alikuwa Fidel, kijana wa redio. Maswali yake mawili ya kwanza yalikuwa ya heshima. La tatu akauliza huku tayari anacheka: "Sasa wasee, ile ya mnazi ilikuwaje?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Griffin akachukua kipaza sauti kabla Mwinyihaji hajafungua mdomo.

"Mimi nilikuwa nimeuweka mpira tayari," alisema, akainuka kuonyesha kwa miguu. "Huyu bwana akaja mbio, akaninyang'anya! Namwambia, Mwinyi, niachie. Wapi! Alitaka sifa. Mnaona sifa zilipompeleka? Juu ya mnazi!"

Watu walipiga meza kwa kucheka. Mwinyihaji alimtazama Hadeel. Hadeel ameinamisha kichwa, anamfunga mtoto kifungo kilichokuwa kimefungwa tayari.

Hapo damu ikamchemka. Kuchekwa alikuwa amezoea. Kufanywa mwizi wa mpira aliosukumiwa, tena na yuleyule aliyemsukumia, hilo halikumpita kooni.

Akasimama. Hakuomba kipaza sauti.

"Griffin! Nani alimnyang'anya nani? Hukunambia paja limekaza? Nami nikakuhurumia, nikakufichia miaka yote hii, kumbe wewe wanitukana mbele ya mwanangu?"

"Ah, Mwinyi, ni utani tu. Mambo ya zamani."

"Zamani yako, wewe. Mimi naitwa Mnazi mpaka leo asubuhi!"

Ndipo Musyoka, mtu wa maneno machache, akajikohoza.

"Paja halikuwa limekaza," alisema. "Griffin aliniambia mwenyewe tukivua viatu. Watu wa timu ya Nairobi walikuwa jukwaani wanamtazama. Akasema, nikikosa mbele yao nimekwisha, acha akose mwingine."

Griffin alitabasamu upande mmoja, akatazama simu yake, akasema ana miadi. Alishuka jukwaani na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mashabiki wakaanza kumpigia Mwinyihaji makofi, wengine wamesimama, wanaume walewale waliokuwa wakipiga meza.

Lakini Mwinyihaji hakuwasikia. Alikuwa amemgeukia Musyoka.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Umekula harusini kwangu, Musyoka. Umenizikia mama yangu. Wawasikia waniita Mnazi, wanyamaza?"

"Mwanzoni alikuwa nahodha, niliogopa. Baadaye niliona mwenyewe unacheka, nikadhani yamekwisha."

"Wallahi, afadhali yule. Yule sikumwita rafiki."

Fidel alimletea ngao ya kumbukumbu. Mwinyihaji hakuipokea. Alimshika Hadeel mkono wakatoka.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Musyoka alikuja kibandani. Mwinyihaji aliitikia salamu yake, lakini hakumpa kiti.

"Nimekuja kukuomba radhi," Musyoka alisema.

"Mimi mzee, nimeshazoea. Aliyeaibishwa mbele ya wakweze ni Hadeel. Nenda Kiembeni ukawambie wao, kwa mdomo wako, kama ulivyosema ukumbini. Ami yake mume awepo."

Musyoka akavaa kofia yake, akashika njia ya feri.

Alasiri simu ya Mwinyihaji ikalia. Ni Hadeel, sauti yake ya chini, kama mtu aliyejificha jikoni.

"Baba, Mzee Musyoka yuko hapa barazani, na wote wamekaa wamsikiliza. Hata Ami. Nimpe chai?"

Mwinyihaji aliweka bisibisi chini.

"Mpe, mwanangu. Lakini amalize kusema kwanza."