Kibuyu Nilichokimwaga

Laiti ningekataa baba aliponiambia nikimwage kile kibuyu. Harufu yake ninayo hadi leo: majani yaliyotafunwa, machachu kidogo, yenye joto la tumbo la ng'ombe. Zilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa nyumbani Itetemia kwa likizo, darasa la sita, nikijiona najua kila kitu.

Kahawia, ng'ombe wa bibi, alikuwa amevunja ghala na kula mtama mpaka tumbo likamvimba. Siku mbili hakucheua. Bibi akamvizia ng'ombe mzima aliyelala akicheua, akamshika taya, akakomba tonge lile mdomoni kwa vidole na kulikoroga kibuyuni kwa maji ya uvuguvugu.

"Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo alivyonitania tangu nizaliwe, "nishikie hiki nikamfunge Kahawia. Akionja cha mwenzake, tumbo litakumbuka kazi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "We msomi, shuleni wanasemaje kuhusu mate ya ng'ombe?"

"Yana vijidudu, baba. Vinaleta magonjwa."

"Basi mwaga uchafu huo."

Baba aliamuru, lakini sababu nilimpa mimi. Nikamwaga. Bibi aliporudi aliutazama udongo uliolowa, kisha akanitazama mimi. Alitaka kumkamata tena yule mzima, baba akamzuia. Kesho yake asubuhi Kahawia alikufa.

Namshukuru bibi kwamba hakunifukuza zizini. Mvua zilipoanza, ng'ombe mwingine aliacha kucheua. Baba alikuwa safarini Nzega. Bibi akanipa kibuyu kilekile, akanionyesha namna ya kushika taya bila kung'atwa na namna ya kumimina polepole maji yasimpalie mnyama. Siku ya pili nilisikia meno yakisaga tena, na sijasikia sauti tamu kuliko ile. Nimefuga maisha yangu yote kwa somo hilo, na ng'ombe wangu kadhaa wamepona kwalo.

Majuzi nilimsimulia bwana mifugo wetu, kijana mwenye umri wa wajukuu zangu. Akacheka. "Mzee, ulisema kweli, vijidudu vimo. Ila ndivyo vinavyomeng'enya majani. Vya Kahawia vilikufa kwa mtama. Bibi yako alikuwa anamwazimia vibarua."

Nilicheka naye. Shule ilinipa nusu ya habari, nami nikaitumia kama nzima.

Kukimwaga kibuyu kile kulimuua Kahawia. Nami kulinigharimu jina. Tangu siku ile mpaka tunamzika, bibi aliniita "mwalimu", kwa upole kabisa. "Mume wangu" hakuniita tena.